KOMPYUTA MPYA YA OFISI YA TAALUMA

Muhula huu shule yetu imepata mgeni. Hakuja kwa basi, wala hakupokelewa kwa ngoma. Alikuja ndani ya boksi, amepakatwa na Mwalimu wa Taaluma katika kiti cha mbele cha gari la shule, kama mtoto anayetoka kliniki. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kompyuta ya namna hii huitwa kompyuta mpakato. Maana kupakata ni kuweka mapajani.

Mgeni mwenyewe ni kompyuta ya kazi za ofisi, aina ya ThinkPad T14, toleo la 5. Kwa kuwa mimi ni katibu wa Chama cha Kompyuta, na nilikuwapo boksi lilipofunguliwa, mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze nilivyoiona. Nitasema mazuri yake na kasoro zake pia, maana sifa tupu hazimsaidii msomaji.

KWA NINI TULIIHITAJI

Yawezekana wazazi wengine hawakupata habari hii vizuri. Mwaka jana, tulipokuwa kidato cha tatu, kompyuta ya zamani ya ofisi ya taaluma ilikufa. Ilikuwa ya bei nafuu, nyembamba, rangi ya fedha, ya kupendeza macho. Kwanza bawaba yake moja ilivunjika, ikawa kioo chaegemezwa tofali. Kisha siku moja kikombe cha chai kikamwagika juu yake. Mwalimu aliigeuza upesi na kuianika juani, lakini haikuwaka tena. Fundi wa mjini aliifungua kwa shida, akasema chai imefika kwenye bodi, na kwamba katika mashine ile hifadhi ya kazi imeunganishwa humo humo katika bodi, haichomoki. Basi alama zetu za mwaka mzima zikawa zimezama nayo.

Alama hizo si mchezo. Twajua sote kwamba shule hupeleka alama zetu za maendeleo kwenye Baraza la Mitihani, nazo huhesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho. Walimu iliwabidi waanze kuzitafuta upya moja moja. Tukatangaziwa mstarini kwamba kila mtu alete karatasi zake za majaribio. Wenye utaratibu walileta. Mimi karatasi zangu za Fizikia nilikuwa nimejalidia madaftari, na nusu yake zimeraruka. Kwa muda wa wiki mbili sikulala vizuri, maana Fizikia ndilo somo ninalolitegemea. Nikaokolewa na daftari kubwa la jalada gumu la mwalimu wa somo, ambaye kwa desturi yake huandika kila alama kwa kalamu kabla ya kuiingiza katika kompyuta. Wenzangu wa masomo mengine hawakuwa na bahati hiyo, ikabidi wafanye majaribio mapya siku za Jumamosi.

Kwa sababu hiyo wazazi walipokutana na kukubali kuchangia kompyuta nyingine, palikuwa na mabishano. Mzee mmoja alisimama akauliza, "Kwa nini fedha iwezayo kununua mbili nzuri inunue moja nyeusi?" Baadhi yetu tuliokuwa tukipanga viti tulimsikia. Swali lake lilikuwa la haki, na sehemu kubwa ya maelezo yangu ni kujaribu kumjibu mzee wangu huyo kwa heshima.

SURA YAKE

Nakiri kwamba ilipotolewa katika boksi moyo wangu ulinywea. Nilitazamia kitu cha kumeremeta. Nikaona kitu cheusi tititi, chenye pembe, kisicho na pambo ila nukta moja nyekundu katikati ya kibodi. Bwenini waliibandika jina la "sanduku la fundi viatu", nami nilicheka pamoja nao. Baadaye nilipouliza na kusoma, niliona aibu kidogo.

Jina la ThinkPad lilianza mwaka 1992 katika kampuni ya IBM ya Marekani. Wafanyakazi wa kampuni hiyo walikuwa na vijitabu vidogo vya kuandikia, vyenye neno la Kiingereza la kumwambia mtu "Fikiri" juu ya jalada, na kompyuta ikapewa jina kutoka katika vijitabu hivyo. Aliyebuni sura yake ni Mjerumani aitwaye Richard Sapper, naye alichukua mfano wa boksi la chakula la Wajapani, ambalo kwa nje ni sanduku jeusi tu, na uzuri wake ni mpaka ulifunue. Kazi kubwa ya uhandisi ilifanyika Yamato, huko Japani. Mwaka 2005 kampuni ya Lenovo ya China ilikamilisha kuununua mradi wote wa kompyuta ndogo za IBM, nayo ndiyo itengenezayo ThinkPad mpaka sasa. Kwa hiyo weusi ule haukutokana na uhaba wa rangi. Ulikusudiwa tangu mwanzo.

Ile nukta nyekundu nayo ina kazi. Ni kijiti kidogo cha mpira kilicho kati ya herufi G, H na B. Ukikisukuma kwa ncha ya kidole, mshale katika kioo husogea. Alikibuni Ted Selker, aliyetambua kwamba mtu apigaye chapa hupoteza muda kila anapouondoa mkono katika herufi ili ashike kipanya. Siku ya kwanza mshale ulinikimbia kama kuku aliyeponyoka kamba. Siku ya tatu nilikuwa nimeuzoea. Asiyekipenda kijiti hicho aweza kutumia kibao cha kugusa kilicho chini yake.

Kioo ni cha inchi 14 kutoka pembe hadi pembe. Hakimeremeti, ukiketi na dirisha nyuma yako huoni sura yako ndani yake, ila waona maandishi tu. Bawaba zake ni ngumu, na kioo chaweza kulazwa nyuma mpaka kiwe sawa na meza. Mwalimu alikilaza hivyo ili tuliosimama pande zote tuone, nami nikalikumbuka lile tofali la mwaka jana.

TULIVYOIFUNGUA

Jambo lililonibadilisha fikira ni siku tulipoitazama ndani. Kompyuta ilikuja na kumbukumbu ya gigabaiti 8, na shule ilinunua kipande kingine cha gigabaiti 8 ili kukiongeza. Mwalimu wetu wa kompyuta akaona ni nafasi nzuri ya kutufundisha, akatuita wanachama sita.

Kwanza aliingia katika menyu ya ndani ya mashine, ile ionekanayo kabla Windows haijaamka, akaizima betri kwa amri maalumu ili umeme usitembee. Pili alitutaka kila mmoja aguse chuma cha dirisha, kwa kuwa mwili wa mtu huweza kubeba umeme tuli ambao hatuusikii, lakini watosha kuharibu vipande vidogo. Tatu akachukua bisibisi ya kawaida ya ncha ya msalaba, akalegeza skrubu za kifuniko cha chini. Hapa niliona jambo dogo lililonifurahisha: skrubu zile hazidondoki. Zikilegea hubaki zimeshikwa na kifuniko, zisije zikaviringika chini ya kabati. Aliyefikiria hivyo alijua kwamba mashine yake itafunguliwa na watu, na akawahurumia.

Ndani tuliona betri, feni, kipande cha hifadhi, na vitanda viwili vya kumbukumbu, kimoja kikiwa kitupu. Naomba niwaeleze vijana wa kidato cha kwanza tofauti ya kumbukumbu na hifadhi, maana wengi huzichanganya. Hifadhi ni kama kabati: vitabu vyako vyote hukaa humo hata ukilala. Kumbukumbu ni kama meza ya kusomea: huweka juu yake vile tu unavyovitumia sasa, na taa ikizimwa meza husafishwa. Meza ikiwa ndogo utakuwa ukiinuka kila mara kwenda kabatini, na kazi itachelewa. Kuongeza kumbukumbu basi ni kupanua meza. Mwalimu alikiingiza kipande kipya kwa mshazari, akakibonyeza, kikalia "tak", kwisha. Kazi yote haikufika nusu saa, na mmoja wetu ndiye aliyerudisha kifuniko.

Betri hutoka. Hifadhi hutoka. Kibodi pia hubadilishwa ikichakaa. Tena kampuni imetoa kitabu cha matengenezo, chenye picha za kila skrubu, nacho hupatikana bure katika mtandao. Mambo hayo ndiyo yanayoitenga kompyuta ya ofisi na ile ya kupendeza macho dukani. Hata mnunuzi wa baiskeli kule kijijini kwetu haiangalii rangi kwanza. Huuliza kama spea zapatikana, na kama fundi wa chini ya mwembe aweza kuifungua. Laiti hifadhi ya ile kompyuta iliyokufa ingalichomoka, alama zetu zingalihamishiwa katika mashine nyingine siku ile ile, na chai ingalikuwa hasara ya mashine peke yake.

UIMARA NA USALAMA

Kompyuta za aina hii hujaribiwa kwa kufuata kanuni za jeshi la Marekani: hutiwa katika joto kali na baridi kali, vumbi, mtikisiko na mishtuko. Kompyuta za ThinkPad zimetumiwa hata katika kituo cha anga za juu kinachoizunguka dunia. Kibodi yake imeundwa kustahimili maji kidogo yanayomwagika. Lakini mtu asidhani kwamba chombo hiki hakivunjiki. Majaribio ya kiwandani maana yake ni kwamba kina nafasi nzuri zaidi ya kupona ajali, wala si kinga. Hatukukimwagia chai ili tuone, na mtu yeyote asijaribu.

Kuhusu siri za wanafunzi, nimejifunza mambo matatu. Kwanza, juu ya kamera kuna kifuniko kidogo cha kusogeza kwa ukucha. Ukikifunga kamera haioni kitu, hata programu mbaya ikijaribu. Pili, ubavuni kuna tundu la kufungia waya wa chuma wenye kufuli, ili mashine ifungwe mezani. Tatu, na hili ndilo kubwa, hifadhi yote imefungwa kwa msimbo. Mwizi akiiba kompyuta na kuichomoa hifadhi, ataona takataka tupu, hawezi kusoma alama za mtu wala anwani ya mzazi wake. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari zetu zilizo katika ofisi ile zahusika.

Hata hivyo kufuli lina masharti yake. Windows ilipofunga hifadhi ile ilitoa ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48. Siku ambayo mashine itakataa neno la siri, ufunguo huo ndio wa kuifungua. Ukipotea, na kazi imepotea, hata fundi awe hodari namna gani. Mwalimu aliuandika katika karatasi, tukauhakiki tarakimu kwa tarakimu, ukafungiwa katika sanduku la chuma la Mkuu wa Shule. Niliona ajabu kwamba mashine ya kisasa namna ile, mwisho wake yategemea karatasi na kalamu.

UMEME

Kwetu umeme hukatika, kila msomaji ajua. Tulipoijaribu kwa kazi ya kuandika, ilidumu toka kipindi cha kwanza mpaka chakula cha mchana pasipo waya, na betri ikabaki na akiba. Mwalimu ameipanga iache kuchaji ifikapo asilimia 80. Wengine walishangaa: kwa nini kuinyima chakula? Sababu ni kwamba betri za aina ya lithiamu huchoka upesi zikishindiliwa mpaka juu kila siku huku zimechomekwa ukutani. Ukitaka kusafiri nayo waijaza yote. Ikiwa mezani waiacha hapo. Chaja yake ina kichwa sawa na cha simu nyingi za sasa, jambo lililowafurahisha wengi, lakini chaja ndogo ya simu haina nguvu ya kutosha kuiendesha.

KASORO ZAKE

Sasa nizitaje kasoro, ili nisionekane nimekuwa mpiga debe. Kwanza, ukiitoa nje juani maandishi hufifia. Tulijaribu chini ya mwembe tukarudi ndani. Pili, sauti yake ni ndogo, haifai kusikilizisha darasa zima bila spika ya nje. Tatu, ule weusi wake hushika mafuta ya vidole, na baada ya siku mbili kifuniko kilikuwa kimejaa alama kama mlango wa jikoni. Nne, hupakua marekebisho ya Windows yenyewe, na siku ya kwanza ilimaliza bando la mwalimu kabla hatujatahamaki. Sasa imepangwa ingoje ruhusa. Tano ni bei yake. Hapo mzee wetu hakukosea hata kidogo: ni ghali.

JIBU KWA MZEE WETU

Baba yangu mheshimiwa, fedha ile kweli ingaliweza kununua mbili za kung'aa. Lakini chombo cha kazi huhesabiwa kwa miaka ya utumishi wake. Kompyuta ambayo betri yake ikifa hununuliwa betri, na kibodi yake ikichakaa hununuliwa kibodi, yaweza kuwatumikia vijana wa vidato vingi. Ile isiyofunguka ikipata ugonjwa mmoja hutupwa yote, pamoja na kilichomo ndani. Hayo ndiyo niliyoyaona, nami naamini shule imechagua vema.

Hata hivyo ningekuwa mwongo kama ningeishia hapo. Nikifikiri sana naona kwamba alama zetu hazikupotea kwa sababu kompyuta ilikuwa ya bei nafuu peke yake. Zilipotea kwa sababu zilikuwa mahali pamoja tu. Hata huyu mgeni wetu aweza kuanguka, kuibwa, au kuungua pamoja na ofisi. Aliyeniokoa mimi mwaka jana ni mwalimu mwenye daftari, na daftari lile halikununuliwa kwa bei kubwa.

Kwa bahati njema ofisi imeweka utaratibu mpya, nao ni wa kanuni wanayoitumia watunzaji wa kumbukumbu mahali pengi: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja kati yake ikae mahali pengine. Nakala ya kwanza imo katika kompyuta. Ya pili huwekwa kila Ijumaa katika diski ya nje, ambayo nayo imefungwa kwa msimbo, kisha hupelekwa jengo la maktaba. Ya tatu huchapwa katika karatasi kila mwisho wa mwezi na kutiwa sahihi na mwalimu wa somo. Chama chetu kimepewa kazi ya kukumbusha siku ya Ijumaa, na mpaka naandika makala haya hatujaruka hata moja.

Sisi wa kidato cha nne tunaondoka baada ya mtihani wa Novemba. Kazi hiyo ya Ijumaa tunawaachia ndugu zetu wa kidato cha tatu. Nawasihi mambo matatu. Msiweke chai juu ya meza ile, hata kama ni ya mwalimu. Mwambieni kwa adabu. Mfutie vumbi kwa kitambaa kikavu na kuifunika jioni. Na kila mmoja wenu atunze karatasi zake za majaribio mpaka siku atakayopokea matokeo yake. Vitabu vijalidieni kwa magazeti ya zamani.

Kwa wazazi waliochanga, hasa wale waliochanga huku wakiwa na mashaka, twasema asanteni. Siku ya kufunga shule kompyuta itawekwa mezani katika ofisi ya taaluma, na kila mzazi apendaye ataonyeshwa alama za mtoto wake humo. Natumaini yule mzee aliyeuliza swali atakuja. Nitamwomba aibonyeze ile nukta nyekundu mwenyewe.

Katibu wa Chama cha Kompyuta,
Kidato cha Nne